Siku ya 42: mwili wa mzazi unavyorudi katika hali yake mjini Guangzhou

Katika mitaa ya zamani ya mji wa Guangzhou, kusini mwa China, harufu ya siki na tangawizi inayotoka jikoni inaweza kuwatangulia watu wa nyumba kutoa habari njema: humo ndani kuna mzazi. Chungu cha udongo kimetiwa siki nyeusi tamu ya mchele, tangawizi iliyokomaa, miguu ya nguruwe na mayai ya kuchemsha, kikaachwa motoni kwa saa nyingi. Mzazi hula ili apate nguvu, na bakuli nyingine hupelekewa jamaa na majirani. Msikilizaji wa Tanzania anayeijua supu ya makongoro, au mtori ambao Wachaga humpikia mama aliyejifungua, hataona ugeni mkubwa katika chungu hicho, isipokuwa nyama yenyewe, ambayo Waislamu hawaili.

Chakula hicho ni sehemu ya desturi iitwayo zuo yuezi, yaani "kukaa mwezi". Kwa siku 30 hivi mama hubaki nyumbani, hupumzika kitandani, hula vyakula vya moto na kujiepusha na maji baridi na upepo. Kwa mujibu wa tiba ya jadi ya China, uzazi humwacha mwanamke na upungufu wa damu na nguvu, na baridi huupata mwili wake kwa urahisi. Mawazo hayo ni ya kale: mwaka 1237 tabibu Chen Ziming alikamilisha kitabu kikubwa cha tiba za wanawake, na sehemu yake moja inahusu kipindi cha baada ya kujifungua. Siku hizi familia zenye uwezo huajiri mlezi maalumu aitwaye yuesao, au humpeleka mama na mtoto katika kituo cha kukaa mwezi, ambacho kwa huduma zake hufanana zaidi na hoteli kuliko zahanati.

Katika pwani ya Afrika Mashariki hesabu ni ya siku 40. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hunyweshwa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, na hatoki hadi arobaini itimie. Hivyo mwanamke wa Mombasa au Dar es Salaam anayejifungulia Guangzhou, pengine katika nyumba ya kupanga mtaani Xiaobei, hukuta majirani wanaofuata mila inayokaribiana sana na ya kwao. Anachokosa ni mama yake, shangazi na kungwi, yaani watu wanaoifanya mila hiyo iwezekane.

Je, elimu ya tiba ya kisasa inasema nini juu ya mila hizo mbili? Katika jambo kubwa zaidi inaziunga mkono. Mara tu baada ya kujifungua mfuko wa uzazi huwa na uzito wa takriban kilo moja. Hujikunyata siku baada ya siku, na baada ya wiki sita hivi hurudi katika uzito usiofika gramu 100. Mahali kondo la nyuma lilipobanduka hubaki kidonda kinachohitaji wiki kadhaa kupona, na ndiyo sababu damu huendelea kutoka huku ikipungua. Mwanamke aliyepasuliwa ana kidonda kingine, kilichopita katika tabaka kadhaa za mwili. Kumwambia mwanamke wa namna hiyo kwamba "tumbo limechelewa kurudi" wakati mtoto ana wiki tatu ni kutoujua mwili wake.

Penye kasoro ni pale mapumziko yanapogeuka kuwa kutojongea kabisa. Katika wiki sita za kwanza damu ya mzazi huganda kwa urahisi kuliko kawaida, na mama anayelala mchana kutwa anaweza kupata donge la damu mguuni, ambalo likipanda hadi mapafuni huweza kuua. Kwa hiyo madaktari humtaka hata aliyepasuliwa ainuke na kutembea taratibu ndani ya saa 24 hivi. Hatari ya pili ni joto. Kiangazi cha Guangzhou kina joto na unyevunyevu mwingi, na magazeti ya China yamewahi kuripoti vifo vya kina mama waliofunikwa blanketi katika vyumba vilivyofungwa madirisha. Kuoga, kunawa nywele na kupunguza joto la chumba kwa kiyoyozi hakumdhuru mzazi.

Mkaja nao unahitaji tahadhari. Kitambaa kinachoshika tumbo kwa upole humpa mama nafuu anapokohoa au kuinuka, lakini hakiwezi kuyeyusha mafuta wala kuunganisha misuli. Kikikazwa mno husukuma uzito chini, kwenye misuli ya nyonga inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa, nayo ndiyo iliyochoshwa na mimba. Kidonda cha upasuaji nacho kisikandwe kwa maji ya moto.

Sasa tuje kwenye siku ya 42. Katika hospitali za China, Guangzhou ikiwemo, mama hutakiwa kurudi kliniki wiki sita baada ya kujifungua. Huangaliwa mfuko wa uzazi, kidonda na shinikizo la damu, na katika hospitali nyingi hupimwa pia nguvu ya misuli ya nyonga. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022, linataka mama aonwe na mhudumu walau mara tatu baada ya kutoka hospitali, na mara ya mwisho ni wiki ya sita. Tarehe hiyo iko siku mbili tu baada ya arobaini. Hata hivyo wanawake wengi humpeleka mtoto kupata chanjo, wao wenyewe wasipimwe. Wapo wanaotokwa na mkojo kila wanapocheka au kukohoa, wakanyamaza kwa miaka kwa kuamini kwamba hiyo ni ada ya uzazi. Sivyo, na kwa wengi hali hiyo hutibika kwa mazoezi.

Zoezi la kwanza halionekani kwa macho. Daktari wa Marekani Arnold Kegel aliandika juu yake mwaka 1948: mama hubana misuli kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hushikilia kwa sekunde chache huku akipumua, kisha huachia. Hurudia mara kumi, mara tatu kwa siku, na anaweza kufanya hivyo hata akiwa ananyonyesha. La pili ni kutembea, kwanza chumbani, kisha hadi kwenye bustani ambako wazee wa Guangzhou hufanya taijiquan asubuhi.

Tumbo hufuata baadaye. Wakati wa mimba misuli miwili ya mbele hutengana. Mama akilala chali, akakunja magoti na kuinua kichwa, anaweza kupima kwa vidole ufa ulio juu ya kitovu. Ukiwa bado mpana kuliko vidole viwili baada ya wiki nane, amwone mtaalamu wa viungo kabla ya kuanza mazoezi makali ya tumbo. Kuhusu kukimbia, wataalamu wa Uingereza walishauri mwaka 2019 kungoja walau miezi mitatu. Na kupunguza uzito kwa kujinyima chakula hakumfai anayenyonyesha.

Damu ikijaza pedi ndani ya saa moja, mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikibana, homa ikipanda au kichwa kikiuma sana, asingoje siku ya 42. Aende hospitali saa hiyo hiyo. Huzuni isiyokwisha kwa wiki mbili nayo ni ugonjwa wa kutibiwa.

Mfanyakazi mwajiriwa mkoani Guangdong hupata likizo ya uzazi ya siku 178, yaani 98 za kitaifa na 80 za mkoa. Sheria ya Tanzania hutoa siku 84, au 100 kwa mapacha, na ya Kenya miezi mitatu. Mfanyabiashara anayejitegemea Guangzhou hana likizo yoyote: kontena halimngoji, na mzigo wa kwanza anaouinua baada ya arobaini huenda ukawa robota la nguo. Robota hilo ni bora abebewe na mwingine. Asipokuwa na wa kumbebea, aligawe mafungu madogo, akunje magoti, abane misuli ya nyonga kwanza, kisha ainue huku akitoa pumzi.