Kompyuta pepe: nani aamue ipewe vifaa gani?

Diski za flopi zilikuwa zimekwisha kusahaulika maofisini wakati kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilipotangaza tarehe 13 Mei mwaka 2015 kwamba flopi ya kuigiza imeziweka hatarini seva nyingi duniani.

Kasoro hiyo, iliyopewa jina la VENOM, yaani sumu ya nyoka, ilikuwamo ndani ya QEMU, programu ya kuundia kompyuta pepe iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard.

Kompyuta pepe, msikilizaji, ni kompyuta isiyo na umbo. Mashine moja halisi, iitwayo mwenyeji, huendesha programu zinazojifanya kuwa kompyuta kadhaa, nazo huitwa wageni. Kila mgeni huonyeshwa diski na kadi ya mtandao, akadhani ni mali yake peke yake. Hivyo ndivyo tovuti nyingi zinavyohifadhiwa siku hizi: wapangaji wasiojuana hukaa katika seva moja, na ukuta baina yao ni programu tu.

VENOM iliutoboa ukuta huo. Mtu mwenye mamlaka ya usimamizi ndani ya mgeni mmoja angeweza kukipelekea kidhibiti cha flopi data kupita nafasi iliyotengwa katika kumbukumbu, na pengine kujipenyeza hadi kwa mwenyeji.

Flopi ilifuata nini humo? Ilikuwa sehemu ya mpangilio wa awali. Msimbo wenye kasoro ulikuwapo tangu mwaka 2004, na kompyuta pepe za kawaida zilipewa kidhibiti hicho bila mtu kukiomba. Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba hata msimamizi aliyeiondoa flopi hakuwa salama: kutokana na hitilafu nyingine, sehemu yenye kasoro iliendelea kufanya kazi. Amri ya kubatilisha ilipokewa, lakini haikutekelezwa.

Uamuzi kwa niaba ya aliyenyamaza

Mpangilio wa awali humhusu mtu asiyesema lolote, na walio wengi hawasemi. Kifaa kisichohitajika ni heri kisiwepo mpaka kiombwe.

Vifaa vya lazima vina ugumu wake. Kadi ya mtandao inayoiga kadi za zamani za Intel hutambuliwa na karibu kila mfumo, lakini humchosha mwenyeji, anayelazimika kuigiza kila hatua. Vifaa vya virtio, vilivyobuniwa mahsusi kwa kompyuta pepe, ni vyepesi zaidi. Hata hivyo, Windows haiji na programu za kuviendeshea. Mtu akianza kuisakinisha juu ya diski ya virtio, huambiwa hakuna diski. Busara ni kuuliza kwanza ni mfumo gani utakaosakinishwa, kisha kuchagua kwa mujibu wa jibu.

Nani aruhusiwe kubatilisha?

Si kila mpangilio uachwe mikononi mwa mpangaji. QEMU ina namna ya kutumia diski inayopuuza maombi ya mgeni ya kuhakikisha kwamba data imekwisha kuandikwa. Kasi huongezeka, lakini umeme ukikatika kwa mwenyeji, diski nzima yaweza kuharibika. Katika majaribio haina neno. Kwenye hesabu za benki ni balaa.

Kubadili mpangilio wa awali wenyewe nako kuna taratibu zake. QEMU huzipa aina za mashine nambari za matoleo, na programu ya usimamizi ya libvirt huiandika nambari hiyo katika faili la mgeni siku anapoundwa. Mabadiliko huwapata wageni wapya tu. Wa zamani huendelea kuona vifaa vilevile, kwani Windows ikikuta vifaa vimegeuka huweza kudai leseni ithibitishwe upya.

Ndiyo maana mwaka 2015 kubadili mpangilio wa awali kusingetosha. Ilibidi msimbo wenyewe urekebishwe, na wageni ama wazimwe na kuwashwa upya, ama wahamishiwe kwa mwenyeji aliyekwisha kurekebishwa.