Ulijua Kuwa Ni ya Wizi?

Tunduma ni mji wa kupita. Malori ya Zambia na Kongo hujipanga barabarani, reli ya TAZARA iko hapo hapo, na Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, hufikiwa kwa miguu. Katika pilikapilika hizo, simu, betri ya lori au pikipiki isiyo na kadi hubadilisha mikono haraka, na mara nyingi anayekamatwa nayo ni mnunuzi wa mwisho, mtu asiyewahi kuiona mahakama kwa ndani.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 311, humbana anayepokea au kubaki na mali akijua kuwa ni ya wizi, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo. Adhabu yake hufika miaka 10 jela. Wengi huumizwa na hayo maneno "sababu ya kuamini". Simu ya laki tano inayouzwa elfu sitini, usiku, bila boksi wala chaja, inatosha kumtia mnunuzi shaka, na hakimu ataliuliza hilo.

Kifungu cha 312 ni kigumu kwa namna yake: anayesimamishwa na kupekuliwa akakutwa na mali ya kutiliwa shaka hutakiwa yeye aieleze mahakama alivyoipata. Wala kuvuka mpaka hakuisafishi mali, kwani kuwa na kitu kilichoibwa nje ya Tanzania nako ni kosa.

Lililo zito zaidi ni mali iliyoibwa karibuni. Anayekutwa nayo bila maelezo ya kuaminika aweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi. Lakini Mahakama ya Rufani ilipoketi Mbeya, katika rufaa ya mwaka 2007, ilitaka kwanza ithibitike kwamba mali ilikutwa kwa mshtakiwa, kwamba mlalamikaji ameitambua kwa uhakika kuwa yake, kwamba iliibwa karibuni, na kwamba ndiyo hasa iliyotajwa kwenye mashtaka. Ndiyo maana hati ya ukamataji mali, inayoonyesha kilichokutwa kwa mtu na yenye saini za mashahidi, ni karatasi ya kusomwa neno kwa neno kabla ya kutiwa saini.

Kosa la kupokea mali ya wizi lina dhamana, na dhamana ya polisi hailipiwi.

Kinachosikitisha ni wanaokiri mahakamani "ili yaishe". Aliyenunua bila kujua kuwa ni ya wizi aseme hivyo hivyo shtaka linaposomwa, maana aliyekiri mwenyewe kwa kawaida hawezi tena kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani; hubaki kulalamikia adhabu tu. Na akitiwa hatiani, aeleze kwamba ni kosa lake la kwanza, analea nani na anafanya kazi gani. Mahakama ina uwezo wa kumwachia kwa masharti ya kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12, au kumpa adhabu ya kutumikia jamii chini ya sheria ya mwaka 2002, akarudi kulala nyumbani kwake.