Nundu ya mguu haichongwi

Ndugu msikilizaji, juma hili tuongee kuhusu miguu. Wapo watu wazima wengi, hasa akina mama, wenye nundu pembeni mwa kidole gumba cha mguu, na wapo wenye nyayo bapa zisizo na upinde. Swali ninalokutana nalo mara kwa mara ni hili: je, nikapasuliwe?

Tuanze na nundu. Wengi hudhani ni mfupa ulioota, na kwamba daktari atauchonga tu kama seremala anavyosawazisha ubao. Sivyo. Huo ni mfupa wa siku zote uliohama mahali pake. Mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba umesogea upande wa ndani, na kidole chenyewe kimewalalia wenzake. Kinachojitokeza ni kichwa cha mfupa huo. Kurithi kuna sehemu yake, na viatu vilivyobana mbele, hasa vya mchuchumio, huzidisha hali.

Kwa hiyo mara nyingi daktari wa mifupa huukata mfupa ule, huusogeza mahali pake na kuukaza kwa skrubu. Mfupa huchukua wiki 6 hivi kuunga, lakini uvimbe huweza kuendelea kwa miezi kadhaa. Mama muuza samaki anayesimama kutwa nzima hana budi kupiga hesabu ya siku hizo. Ndiyo maana madaktari hawashauri upasuaji huu kwa ajili ya urembo. Kama hakuna maumivu, badili kiatu kwanza: kiwe kipana mbele na kisigino kifupi.

Nyayo bapa ni habari nyingine. Aliyekuwa nazo tangu utotoni, na anatembea bila maumivu, hahitaji kisu. Wa kuangaliwa ni yule aliyekuwa na upinde, kisha ukubwani mguu mmoja ukaanza kulala, ukavimba na kuuma chini ya kifundo upande wa ndani. Mara nyingi kano inayoshikilia upinde ndiyo imechoka. Simama kwa mguu huo mmoja, ujaribu kuinua kisigino. Ukishindwa au ukiumia, nenda hospitali.

Hapa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mapema, soli maalumu ndani ya kiatu pamoja na mazoezi huweza kutosha. Visipotosha, na mguu bado unanyumbulika, daktari huweza kuhamisha kano moja ya vidole isaidie ile iliyochoka, na kuusogeza mfupa wa kisigino ukae sawa chini ya mguu. Ukingoja hadi viungo vikakamae, kinachobaki mara nyingi ni kuviunganisha viwe kitu kimoja. Maumivu hupungua, lakini mguu hautacheza tena kama zamani, na kwenye njia ya kokoto utaona tofauti. Vyovyote vile, jiandae kwa hogo na magongo wiki kadhaa.

Mwenye kisukari na mvuta sigara wamweleze daktari mapema, maana kwao kupona huweza kuchelewa.

Kabla ya kutia saini, uliza: mfupa upi utakatwa? Nitakaa wiki ngapi bila kukanyaga? Kazi yangu nitairudia lini? Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo. Hadi juma lijalo, kwaherini.