Mlezi wa Kiroho na Mshauri Nasaha: Milango Miwili

Vyuoni mwetu, mwanafunzi aliyelemewa huambiwa, "Kamwone mtu." Mtu yupi? Wengine humwelekeza kwa kasisi, wengine kwa mshauri nasaha, kana kwamba milango hiyo miwili huingia chumba kimoja. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba kuukosea mlango kwaweza kumgharimu mtu uhai.

Ulezi wa kiroho ni mkongwe. Katika karne ya 4, watawa wa jangwa la Misri waliwaendea wazee wao kuwafunulia mawazo ya moyoni. Miongoni mwa Masufi, murshidi humwongoza muridi kwa namna inayokaribiana na hiyo. Lakini mfano ulio wazi zaidi ni Mazoezi ya Kiroho ya Ignatius wa Loyola, yaliyoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka wa 1548. Humo mlezi huonywa asimsukume mtu kwenye uamuzi wowote, bali asimame katikati kama mizani isiyoelemea upande, Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe wake. Kwa hivyo wanaokaa pale ni watatu, na swali kuu ni: Mungu anakuvutia wapi katika haya?

Tiba ya kisaikolojia, ambayo Sigmund Freud aliiendeleza jijini Vienna tangu mwishoni mwa karne ya 19, huuliza jingine: maumivu haya yametoka wapi, nayo yatapunguzwaje ili uweze kulala, kula na kusoma? Nchini Kenya, taaluma hiyo ina sheria yake ya mwaka wa 2014. (Jina lenyewe, msomaji, lina kinaya: mshauri nasaha hufunzwa kutokimbilia kutoa nasaha.)

Utata huzuka pale ukavu wa sala unapofanana na sonona. Yohane wa Msalaba aliliona hilo katika karne ya 16. Asiyeonja utamu wa sala wala wa dunia, alisema, huenda ana unyong'onyevu tu. Dalili ya kutazamwa ni iwapo bado anahangaika kumtafuta Mungu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, dalili hiyo haitoshi. Mcha Mungu naye huugua. Aliyekosa usingizi majuma mawili, akaanza kuuwaza mauti, hahitaji kuongezewa mfungo. Mlezi mwema humshika mkono akampeleka kwa daktari siku iyo hiyo, kisha akaendelea kumsubiri.