Klamidia Huisha Yenyewe? Inategemea Umepata Ipi

"Nesi, kama ugonjwa wenyewe unaweza kuisha, vidonge vya nini?" Wanaoniuliza hivyo kliniki, hapa Dodoma, hawajakosea kuuliza. Huko Bogotá, Kolombia, watafiti waliwafuatilia wanawake wenye klamidia isiyo na dalili. Matokeo yao ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja karibu nusu walikuwa hawana tena vimelea. Waliobaki walihitaji muda zaidi, wachache wao miaka kadhaa.

Kinga ya kila mtu ina mchango wake, lakini bakteria nao hawafanani. Aina A hadi C huleta trakoma, ugonjwa wa macho ambao watu wa Kongwa wanaujua vizuri. D hadi K hupenda njia ya uzazi. L1 hadi L3 huingia ndani zaidi, hadi kwenye tezi za kinena.

Mwili ukishambuliwa hutoa interferoni-gama, nayo huziamuru seli ziharibu triptofani, kirutubisho ambacho klamidia haiwezi kuongezeka bila hicho. Aina za macho hukwama hapo. Mwaka 2003 wanasayansi walionyesha kwamba zile za njia ya uzazi zina kimeng'enya cha kutengeneza triptofani kutokana na indoli, ambayo hutolewa na baadhi ya bakteria wanaoweza kuishi ukeni. Ni sawa na mpishi aliyekuta duka limefungwa, akaazima unga kwa jirani. Ndiyo maana kinga inaweza kuwabana wadudu hawa na bado wasitoke.

Tofauti hizo hubadilisha hata tiba: klamidia ya kawaida hutibiwa kwa doksisaiklini siku 7, ile ya kundi la L siku 21. Tatizo ni kwamba kipimo cha kawaida hukuambia unayo au huna. Hakisemi ni aina gani, wala hakitabiri itaondoka lini. Na wakati unasubiri, mirija ya uzazi inaweza kupata makovu bila wewe kuhisi chochote, ukaja kuhangaikia ugumba au mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Kwa hiyo, dada yangu, usibahatishe. Kama una mimba, sema mapema upewe dawa inayokufaa. Maliza dozi, mlete na mwenzio atibiwe, na msikutane kimwili mpaka nyote mmalize.