Kabla ya kumwita mtoto 'mzito', apimwe masikio na macho

Yupo darasa la kwanza kwa mwaka wa pili. Kwa kuwa ni mrefu kuliko wenzake, amewekwa dawati la nyuma karibu na dirisha. Mwalimu akiuliza swali, hageuki. Wenzake wakicheka, naye hucheka, ila baada yao kidogo.

Shuleni ameshapewa jina: mzito. Nyumbani bibi anasema baba yake naye alichelewa kuongea, kwa hiyo atachangamka tu. Jirani anashauri apelekwe kwa mganga. Hakuna aliyeuliza kama mtoto huyu anasikia.

Mtoto wa aina hii si wa nyumba moja. Katika shule za pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi wilayani Temeke hadi Bunju na Mabwepande wilayani Kinondoni, familia zinahamia kwa kasi kuliko madarasa yanavyojengwa. Mwongozo wa Serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini mwalimu wa maeneo haya mara nyingi anakuta zaidi ya hao mbele yake. Katika msongamano huo, mtoto mkimya ndiye wa kwanza kusahaulika.

Ndiyo maana upimaji ni muhimu, na ni vizuri ufanyike kabla mtoto hajaanza shule au mara tu anapoanza. Lengo si kumtafutia mtoto jina la ulemavu, bali kujua ni kitu gani kinamzuia kujifunza na asaidiwe vipi.

Uzito unaoonekana, chanzo kilichojificha

Tatizo la kusikia ni miongoni mwa yanayojificha sana. Wazazi wengi huona usaha masikioni kama ugonjwa wa kawaida wa watoto, wakatia matone ya mafuta na kusubiri ukauke. Lakini usaha unaojirudia unaweza kutoboa ngoma ya sikio na kupunguza uwezo wa kusikia.

Mtoto huyo anaisikia honi ya bodaboda, hivyo nyumbani wanaamini masikio yake ni mazima. Darasani ni habari nyingine. Mwalimu anaposoma "paka", "taka" na "kaka", yeye anasikia neno moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuilika.

Macho nayo hudanganya. Mtoto mwenye uoni hafifu hajui kuwa wenzake wanaona vizuri zaidi, hivyo hawezi kulalamika. Anasogeza daftari puani, ananakili vibaya kutoka ubaoni, kisha anapewa alama ya mtoto asiyejua. Watoto wenye ualbino wako kwenye hatari hii zaidi, kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kosa huwa la upande mwingine. Watu wanaona shingo isiyokaza, mate yanayotoka na maneno yasiyoeleweka, wakahitimisha kwamba hata akili haipo. Ukweli ni kwamba wapo wengi wanaoelewa kila kinachosemwa mbele yao, ila mwili hauwapi nafasi ya kujibu.

Wapo pia watoto wenye ulemavu wa akili au usonji. Hata kwao upimaji haulengi kufunga mlango. Unaonyesha wanachokiweza leo, ili mwalimu aanzie hapo.

Dalili ambazo mzazi asizisubirie

Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, wa mwaka mmoja na nusu ambaye hajatembea, au wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili, anatakiwa kuonwa na mtaalamu. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekuwa anaongea au kutembea kisha akaacha.

Uangalizi uongezwe kwa mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano makali akiwa mchanga, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali iliyoambatana na degedege.

Kauli ya "atachangamka tu" inapoteza muda ambao hautarudi, kwa kuwa miaka ya mwanzo ndiyo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi zaidi.

Aanzie wapi?

Hatua ya kwanza ipo karibu na nyumbani: kituo cha afya ambako mtoto anahudhuria kliniki. Mama anapokwenda kupima uzito na chanjo, aseme wazi kinachomtia shaka na aombe rufaa. Kwa wakazi wa Temeke na Kinondoni, hospitali za rufaa za mkoa za Temeke na Mwananyamala ndizo zilizo jirani. Tatizo likihitaji wataalamu zaidi, ipo Muhimbili, na kwa ulemavu wa viungo ipo pia CCBRT iliyopo Msasani.

Kuna sababu nyingine ya kuwahi. Kwa mujibu wa sera ya afya, mtoto wa chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Akishavuka umri huo, familia isiyo na uwezo inapaswa kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kuomba msamaha wa gharama.

Upande wa shule, mzazi amuone mwalimu mkuu, ambaye atamuunganisha na ofisa elimu maalumu wa halmashauri.

Upimaji mzuri huanza na maelezo ya mama: ujauzito, kujifungua, magonjwa, na nani anaishi na mtoto. Masikio na macho hutangulia. Baada ya hapo huangaliwa viungo, lugha, michezo, na mambo ya kila siku kama kuvaa, kula na kwenda chooni. Kusoma na kuhesabu huja mwisho, kwa sababu mtoto asiyesikia swali hawezi kupimwa akili kwa jibu lake.

Baada ya majibu

Wapo wanaohitaji dawa ya masikio, miwani au kuhamishiwa dawati la mbele tu. Wengine watahitaji lugha ya alama, nukta nundu, kiti mwendo au mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wale wanaoandaliwa Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha.

Dar es Salaam ina shule zinazofahamika kwa kazi hiyo, zikiwamo Uhuru Mchanganyiko, Sinza Maalumu, Buguruni Viziwi na Matumaini ya Jeshi la Wokovu iliyopo Kurasini.

Lakini shule inaweza kuwepo na mtoto asiifikie. Mama wa Chamazi anayempeleka mwanawe Sinza huamka alfajiri na kubadilisha daladala, mtoto wa miaka 9 akiwa mgongoni. Akimsubiri hadi jioni, genge lake halifunguliwi. Akirudi nyumbani, nauli inakuwa mara mbili. Wengi wanaotajwa kuwa "wamewaficha watoto ndani" walishindwa na hesabu hiyo, si mapenzi.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto huyu kupata elimu sawa na wenzake, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 unataka shule ya mtaani kwake iweze kumpokea. Kwa mama wa Chamazi, maana yake ni mwalimu mmoja wa elimu maalumu katika shule ambayo mtoto anaweza kufika bila daladala.

Upimaji una faida hadi kwenye mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta) huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na za nukta nundu kwa wasioona. Huongeza pia muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtoto ambaye tatizo lake halijawahi kubainishwa hufika darasa la saba bila kuombewa chochote kati ya hivyo.

Wakati hayo makubwa yakisubiriwa, yule wa dawati la nyuma anaweza kuanza kusaidiwa kesho asubuhi. Mwalimu amsogeze mbele. Nyumbani, mzazi asimame nyuma yake akiwa anacheza, amwite kwa sauti ya kawaida.

Akigeuka, bado macho yake yaangaliwe. Asipogeuka, safari inayofuata ni ya hospitali, si ya kwa mganga.