Kweli au Si Kweli: Anayesita Mbele ya Sayansi Hajasoma?

“Mwananchi akikataa chanjo au mbegu mpya, mpe elimu, atakubali.”

Si kweli. George Gaskell, mwanasaikolojia wa jamii wa London School of Economics, alipima kwa miaka mingi maoni ya wananchi wa Umoja wa Ulaya kuhusu teknolojia ya vinasaba. Katika miaka ya 1990, watu wale wale waliopokea vizuri vipimo na dawa za vinasaba walisita kwenye vyakula vilivyobadilishwa vinasaba. Walitaka kujua kitu kina faida gani, na kama ni halali kimaadili. Kikionekana si halali, hata asiyekiona kuwa cha hatari alikikataa.

“Watu wa njia ya misafara hawakujali elimu ya wapelelezi.”

Si kweli kabisa, na Kwihara ni shahidi. Hapo, nje kidogo ya Tabora, mpelelezi David Livingstone alikaa kwenye tembe tangu Februari hadi Agosti 1872. Alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Jacob Wainwright, mmoja wa watumishi wake, aliorodhesha mali zake. Watumishi wengine, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao, wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba pamoja na madaftari na vyombo vya kupimia. Oktoba walifika Kwihara, wakamkuta Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia marehemu. Cameron akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Baadhi ya vyombo alivichukua yeye kwa safari yake. Wao wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, madaftari yakiwa salama. Inaniuma kuona mara nyingi wakisimuliwa kama mabega ya kubebea mizigo tu. Waliamua wenyewe nini kihifadhiwe, na utafiti wa Livingstone wa miezi yake ya mwisho tunao kwa sababu yao.

“Mumiani ni upuuzi mtupu.”

Nusu kweli. Uvumi ulisema watu hukamatwa na kunyonywa damu, na damu haikunyonywa. Lakini mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alionyesha kwamba uvumi huo uliwaandama wazimamoto na watumishi wengine wa wakoloni. Ulibeba hofu ya mamlaka yanayochukua bila kuomba.

“Mwanakijiji hawezi kujadili vinasaba.”

Si kweli. Marceline Finda wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walizungumza na wanavijiji wa bonde la Kilombero kuhusu mbu waliobadilishwa vinasaba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Wengi hawakuwahi kusikia habari za mbu hao, ila waliwafikiria kupitia mbegu chotara wanazozijua shambani, kisha wakahoji usalama wa mbu hao na kama kweli wangepunguza malaria. Mkoani Tabora malaria bado inawaumiza watoto kuliko mikoa mingi nchini. Teknolojia hiyo ikifika huko, naomba wataalamu waanze kwa kusikiliza maswali, vipeperushi vifuate.